Nukta Nyekundu kwenye Swichi ya Mama

Juzi nilikuwa nikipanga rafu za karakana yangu hapa Nakuru, mkono ukagusa kisanduku cha mbao nilichokisahau. Nyuma kina matundu kumi na mawili ya kuchomeka waya. Mbele kina nobu moja ya kuzungusha, na kwenye nobu kuna nukta nyekundu ya rangi ya kucha. 

Kama uliishi kwenye ploti ya nyumba za kupanga miaka ile, utakumbuka likizo ya Agosti ilivyokuwa. Hiyo ya 2007, ploti yetu ilikuwa na nyumba kumi zilizotazamana, mfereji mmoja wa maji, na televisheni moja ya rangi, ambayo ilikuwa yangu. Watoto walikuwa na mashine tatu za gemu, zote kuukuu. Ya kwanza ililetwa na shangazi wa mmoja wao aliyefanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Ya pili ilitoka kwa mfanyabiashara Mhindi aliyekuwa akihama. Ya tatu niliitengeneza na mwenyewe hakuirudia. Kila mashine ilikuwa na waya tatu, wa njano wa picha na mbili za sauti, lakini televisheni ilikuwa na nafasi ya mashine moja tu. Kutwa nzima walichomoa na kuchomeka, mpaka tundu la njano likalegea.

"Fundi, picha imepotea tena!"

"Ni huyu amevuta!"

"Mwongo! Zamu yangu ilikuwa bado!"

Nikawaambia nitawatengenezea kitu cha kumaliza hiyo vita. Nilihitaji swichi inayohamisha waya zote tatu kwa mzunguko mmoja. Madukani sikuipata. Niliyoifahamu ilikuwa ndani ya redio ya mama, ile ya kubadilisha bendi.

Mama, aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwangu, alikuwa ameniletea redio hiyo siku chache kabla, imenyamaza. Wakati ikifanya kazi, aliiweka karibu na mguu wake huku akichambua maharagwe ya kupikia githeri. Saa saba mchana, matangazo ya vifo yakianza, mikono yake ilisimama. "Nyamazeni," alikuwa akisema, "wafu wanasomwa." Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hivyo alikuwa ametia nukta nyekundu kwenye nobu ili, ikikaa juu, ajue amefika kwenye bendi yake.

Niliifungua redio bila kuipima. Nilijiambia imekufa kwa sababu nilitaka iwe imekufa. Nikaitoa swichi na nobu yake, nikachomelea waya jioni mbili, na kisanduku kikafanya kazi vizuri sana. Watoto walinishangilia kama mchezaji aliyefunga bao. Nilijivuna. Siku nne baadaye ndipo nilipotazama ile redio vizuri, nikaona waya wa betri umeachana na bati lake. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Hata hapo sikuirudisha swichi. Ningewaambia nini watoto?

"Redio yangu?" mama aliuliza.

"Spea haijafika, mama. Inatoka Nairobi."

"Hiyo spea inakuja kwa miguu?"

Tulicheka, mimi na yeye.

Wiki ya tatu mgeni alitoka Kabazi kumsalimu mama, mwanamke aliyechuma maua ya pareto pamoja naye kwenye shamba la mzungu zamani. Hata kiti alikuwa bado hajakikalia vizuri.

"Tulikungoja," alisema. "Hatukuwa na namba yako, tukakuita kwa jina kwenye matangazo ya vifo siku tatu. Tulichelewesha hata jeneza tukidhani gari limekukawiza."

Aliyekufa alikuwa rafiki wa mama, aliyeshika safu ya pareto kando yake miaka yote ya utoto wangu. Mimi mwenyewe nilibebwa mgongoni mwake mama alipochoka. Nakumbuka harufu ya maua yale kwenye leso yake, na viazi vya kuchemsha alivyonimenyea kwa kidole gumba, chumvi akiwa ameifunga kwenye karatasi.

Mama alimsindikiza mgeni hadi langoni, kisha akaja moja kwa moja sebuleni kwangu. Watoto walikuwa wakicheza. Huenda alikuja kuiulizia redio, lakini nukta nyekundu ikamvuta; akainama kwenye kisanduku, akapapasa nobu, kidole kikasimama juu ya nukta.

"Hapa ni nini?" akauliza.

"Hapo ni gemu ya magari, shosho," mtoto mmoja alimjibu. "Ukizungusha hivi, ni ya ndege."

Nilisema nitaing'oa swichi sasa hivi. Mama hakunitazama.

"Wacha," alisema. "Ameshazikwa."

Nilimnunulia redio mpya. Alishukuru, akaiweka juu ya kabati, na sikumsikia akiiwasha saa saba. Januari iliyofuata, fujo za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, nusu ya ploti ilihama na watoto wale sikuwaona tena. Mama alifariki miaka mitatu baadaye. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo, na wa kulianzisha nilikuwa mimi.

Juzi hiyo niliitoa swichi kwenye kisanduku. Redio ya zamani ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa kitambaa cha mama. Nikaunga waya wa betri, nikatia betri mpya, nikarudisha swichi, nikazungusha nobu hadi nukta ikakaa juu. Ikawaka. Nikakaa nayo karibu na mguu mpaka saa saba mchana. Bendi ile haina kituo siku hizi, ni mvumo tu. Niliusikiliza mpaka saa ya matangazo ikapita.