Kijaluba cha Mlangoni kwa Bi Rumia

Mie nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Malindi, Unguja, nilipitisha wiki nzima nikijua mkono wangu wa kushoto utanyauka.

Juzi hapa Ghubra, huku ng'ambo tulikohamia, tulikutana kwa wifi yangu, vikongwe watupu wa Malindi, kahawa na halua mbele yetu, tukawakumbuka Mayahudi wa mtaa ule. Hata idadi ya nyumba zao hatukupatana: mmoja kasema tatu, mwengine tano, na wifi, ambaye hakubali kushindwa, kasema saba. Basi nikawatolea hili la kwangu, na nyinyi nakuandikieni.

Jirani yetu alikuwa Bi Rumia, Myahudi wa Aden, mumewe mfua fedha. Mwimoni mwa mlango wao palipigiliwa kijaluba chembamba cha fedha. Kila akipita hukigusa, kisha hubusu vidole. Bibi yangu, aliyenilea, alinionya kwamba ile ni hirizi ya wenyewe, na mwenye kuigusa kwa mkono wa kushoto, siku saba hazipiti mkono haujanyauka. Na mie ni shoto. Bibi kashanifunga kitambaa, kashaninywesha kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa, la kuniondoa ushoto, wapi!

Jumamosi ni siku yao tukufu, hawawashi moto. Bibi akinituma asubuhi nikawawashie jiko. Jumamosi moja nilipotoka, nikapanda barazani nikakigonga kijaluba, ko ko, nisikie aliyemo ataitika nini. Hakuitika mtu. Ndipo nilipoutazama mkono niliogongea.

Tangu siku ile nikauficha ndani ya kanga. Nikafagia kwa wa kulia, nikamenya muhogo kwa wa kulia. Bibi nusura apige vigelegele. Alizunguka mtaa mzima kutangaza kombe lake limefanya kazi, mpaka majirani wawili wakaja kuwaombea watoto wao. Mie huku kila nikiamka nahesabu vidole, najiuliza nani atanioa na mkono mmoja.

Jumamosi ya pili, siku ya saba yenyewe, nikawa jikoni kwa Bi Rumia navunja njiti za kibiriti kwa ule mkono nisiouzoea. Akaniuliza mkono mwengine una nini. Nikamwaga yote, na kilio juu. Hakucheka. Alinichukua mpaka mlangoni, akaninyanyua, akauweka mkono wangu wa kushoto juu ya kijaluba.

"Humu mna maneno ya Mungu, mwanangu. Mungu hali mikono ya watoto."

Kisha akanirudisha kwetu mwenyewe. Nikajua leo ni bakora, maana Bibi ataumbuka na kombe lake. Bi Rumia kamweleza kila kitu. Bibi akanikazia macho.

"Sikukwambia cha wenyewe hakiguswi?"

"Na goti lako, shoga, limepata nafuu?" Bi Rumia kamuuliza taratibu. "Maana kila asubuhi ukirudi kununua mkate, mie nipo dirishani nakuona. Unakipapasa, kisha unajipangusa gotini."

Bibi akajifunika kanga usoni. Nilidhani analia, mabega yakimtikisika vile.

"Mie natumia wa kulia," akasema ndani ya kanga.

Walicheka mpaka wakaketi chini, wakinishika mie kama nguzo. Bakora sikupigwa.

Bi Rumia na watu wake waliondoka Unguja kabla yetu. Wapi walikwenda, vikongwe wangu kila mmoja ana nchi yake ya kuapia. Na sie tukaja huku.

Miaka mingi nilidhani Bibi alinitia khofu kwa kuwa akiwaogopa wale jirani. Sasa nimeufikia umri wake, na magoti yangu nnayajua mwenyewe, naona sivyo. Mtu hapeleki maumivu yake kwenye mlango asiouamini.