Mkoromo wa Baba Ulipokatika

Juzi daktari alimwambia mume wangu kwamba akikoroma, pumzi hukatika. Nikakumbuka mchana mmoja Gongo la Mboto. Baba alilala kwenye kochi, akikoroma kiasi kwamba wanajeshi wa kambi ya jirani wangeweza kupiga kwata kwa mdundo wake. Mimi na dada tulikuwa tunaiba maziwa ya unga kabatini. Ghafla, kimya.

“Ameamka, anatusikiliza,” dada alinong'ona. “Usipumue.”

Tukabana pumzi, maziwa yakituganda kwenye kaakaa. Mama alikuwaga anafua uani bila redio, sie tukidhani anabania betri. Siku hiyo aliingia mbio, mapovu mikononi, akamtikisa Baba.

“Baba Zawadi, pumua basi.”

Baba akavuta pumzi kama aliyeibuka kisimani.

Jana mchana mume wangu alijilaza. Kabla sijaanza kufua, nilizima redio.