Bwana Mkubwa na Gauni la Harusi

Fundi alisifiwa mtaa mzima kwa magauni yake ya harusi, na kwa ubishi. Tangu afiwe na mume alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba ya wifi yake, na wawili hao hawakuacha kutaniana tangu asubuhi mpaka jioni. Kisha Fundi akaleta mtoto wa mbwa, mweusi, masikio makubwa kuliko kichwa. Akamwita Bwana Mkubwa, maana alitembea kama mwenye nyumba.

Bwana Mkubwa alikojoa popote. Fundi hakukosa vipande vya kitambaa, basi akatandika vichache kwenye kona, akamzoesha kujisaidia hapo. Mbwa akashika somo upesi ajabu, na Fundi akajigamba hadi kwa wateja. Kumbe mwanafunzi hakuelewa kona, alielewa kitambaa. Wiki haikuisha, akaliona gauni la hariri la bibi harusi limetandazwa sakafuni likisubiri upindo, akalichuchumalia kwa heshima zote.

"Akigusa nguo nyingine, anaondoka," wifi alisema, na mara hii hakucheka. "Hii nyumba yangu."

"Wifi jamani, si bado mtoto? Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu umeshamkunja vibaya."

Maneno hayo yalimchoma Fundi, kwa kuwa yalikuwa kweli. Nayo nyumba bila mbwa yule hakutaka hata kuifikiria. Tangu msiba, ndiye aliyemrudishia kicheko.

Majirani wakamshauri ampige, au amsugue pua kwenye mkojo. Fundi akawaambia wakasugue pua zao. Mshono ukienda upande, anayefumua ni fundi, si kitambaa. Akasugua sakafu kwa siki mpaka harufu ikaisha, akainua vitambaa vyote juu, akabakiza kimoja kilichokojolewa, akakitandika uani nyuma ya karo la kufulia. Bwana Mkubwa akiamka, akila, akimaliza kucheza, cherehani inasimama na wote wawili mbio uani. Akimaliza haja yake hapo hapo anapewa kipande cha nyama na sifa za shujaa. Kadiri alivyozoea, Fundi alikipunguza kile kitambaa kwa mkasi, hadi ikabaki ardhi tupu na mbwa asijali. Ndani ya nyumba alimfunga kamba, ncha ya pili akaifunga kiunoni mwake mwenyewe, asimpotee machoni.

"Hongera, umeolewa tena," wifi alimtania.

Ikafika siku ya bibi harusi mwingine kujaribu gauni lake, lenye mkia uliojaa chumba. Fundi alikuwa amepiga magoti, pini tele mdomoni, na kamba alikuwa ameisahau. Bwana Mkubwa akaamka, akajinyoosha, akaufuata ule mkia akiunusa. Fundi akataka kupiga kelele, pini zikamzuia. Wifi aliyekuwa mlangoni akashika kiuno.

Mbwa akapiga chafya. Akauruka mkia wa gauni bila kuugusa, akaenda mlango wa uani, akaukwaruza, akamtazama wifi. Wifi akafungua bila kufikiri, akatoka nyuma yake. Mara kikasikika kigelegele kirefu kutoka karoni.

Alirudi amembeba Bwana Mkubwa kifuani kwake, yeye ambaye hakuwahi kumgusa, akamwonyesha bibi harusi.

"Umemwona mtoto wetu?" akasema.

Fundi akatema pini zote sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka.