Mbegu za Dalia Nyeupe

Jani la dalia ukilivunja hutoa harufu chungu ya kibichi, inayokaa vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Wengi hawaijui, kwa sababu ua lenyewe halinukii chochote, linapendeza macho tu. Mimi naijua, na mpaka leo nikiinusa hasira hunipanda kabla sijakumbuka hasira yenyewe ni ya nini. Kisha nakumbuka. Narudi nyumbani kwetu Kilosa, jirani na reli, kwenye bustani ya Mama, msimu ule ambao dada yangu mkubwa, Mwajuma, alikuwa anaolewa.

Mama alikuwa na ugonjwa wa kupanga vitu, nasema hivyo bila kumvunjia heshima. Vikombe kabatini vilitazama upande mmoja, na kanga zilikunjwa mistari ikaoana. Lakini pale kwenye dalia ndipo alipozidi. Viazi vyake vya kupandia, ile mizizi minene ya dalia, aliletewa kutoka milimani Ukaguru, na watu walimwambia wazi kwamba ua la baridi haliwezi joto letu. Mama akabisha. Akazipanda dalia zake kivulini mwa migomba, akazinywesha maji ya kuoshea vyombo, zikakubali. Akazipanga kwa rangi: nyeupe kandokando ya njia ya kuingilia, nyuma yake za njano, kisha za machungwa, nyekundu, na za zambarau zikiegemea uzio. Ikitokea moja imechanua pasipo pake, aliing'oa siku hiyohiyo na kuihamisha, jua kali au la. Wapita njia walisimama kutazama, na Mama alijifanya hawaoni, akaendelea kufagia palipokwisha kufagiwa. Furaha yake ilikuwa hiyo, hakuwa na nyingine kubwa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa mbegu. Maua yalipokauka niliyachuma, nikayapukuchua, nikazifunga mbegu katika vitambaa vya kanga kuukuu: za nyeupe katika kitambaa cheupe, za njano katika cha njano, hivyohivyo mpaka mwisho. Vifundo vile nilivitundika juu ya jiko la kuni, moshi ufukuze wadudu, kama bibi alivyotundika mahindi ya mbegu. Kusema kweli ilikuwa michezo tu ya kunipa shughuli, kwa kuwa Mama alipanda viazi, si mbegu. Lakini masika yale maji ya mto yalipanda mpaka uani kwetu, yakakaa siku kadhaa, na yalipoondoka viazi vyote vilikuwa vimeoza, vinanuka vibaya kuliko mfereji. Mama alikaa kizingitini akavitazama. Harusi ilikuwa imeshapangwa kufanyika kiangazi, na alikwisha kuwaambia wakwe kwamba bwana harusi ataingia akipita katikati ya maua meupe matupu. Akainua macho, akaviona vifundo vyangu juu ya jiko. "Tatu mwanangu," akaniambia, "hiyo sasa ni amana. Umeitunza?" Nikasema nimeitunza. Nilijiona mrefu siku ile.

Tukasia pamoja, fundo kwa fundo, mahali kwa mahali. Mimi ndiye niliyemwagilia asubuhi na jioni, nikafukuza kuku, nikalala nikiota maua. Miche ikashika, ikanenepa, ikafunga vitumba. Zikiwa zimebaki siku chache harusi ifike, kitumba cha kwanza cha njiani kikapasuka, nacho kilikuwa chekundu. Nikakikata haraka nikakificha, nikidhani mbegu moja iliruka. Kesho yake ikachanua ya waridi, na ya njano, na moja yenye mabaka ambayo haikuwahi kuwepo bustanini kwetu tangu mwanzo. Meupe yalikuwa mawili au matatu tu, tena yamekaa kama wageni waliopotea nyumba. Kule nyuma nako mambo yalikuwa yaleyale. Bustani nzima ilikuwa imevurugika.

Mama hakunipiga. Laiti angenipiga! Alinisimamisha njiani pale, mbele ya shangazi zangu waliokuja kusaidia mapishi, akaniuliza nilichanganya lini. Nikasema sikuchanganya. Akauliza tena. Nikaapa. "Usiape!" akanikatiza. "Njia ya mwongo ni fupi, Tatu. Maua yenyewe hayo yanasema. Mikono yako haina amana." Nililia mpaka nikapata kwikwi, na kadiri nilivyokana ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Hebu fikiri: unajua hukufanya, na ushahidi umechanua mbele ya watu. Mama akamwita mdogo wangu Zaina, aliyekuwa hajui hata kuvaa kandambili zake mwenyewe, akamwambia kuanzia leo mbegu za nyumba hii anatunza yeye.

Mtu mmoja tu alinitetea, na utetezi wake haukunifaa kitu. Alikuwa Mama Kulwa, Msukuma aliyetuuzia maziwa, ambaye ng'ombe wao walikuwa upande wa Rudewa. Sisi Wasagara na wao ni watani, kwa hiyo siku ya harusi aliingia kwa vishindo, akasimama katikati ya maua akashika kiuno. "He, Wasagara! Njiani hapa mmetandika viraka?" Shangazi mmoja akamweleza kwamba ni mimi niliyechanganya mbegu. Mama Kulwa akanigeukia, kakunja uso. "Ala! Kumbe ni wewe! Ng'ombe wangu mweupe juzi kazaa ndama mweusi. Uliingia lini zizini ukanichanganyia?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Mama akacheka nao, akamwambia nenda zako kale ubwabwa, mtani. Mimi sikucheka. Nilihisi, ingawa nisingeweza kueleza, kwamba jambo limesemwa, lote, mbele ya kila mtu. Lakini neno la mtani huingia na kicheko na kutoka na kicheko, na mtoto wa miaka kumi atasimama vipi aseme jamani, hebu lirudieni lile?

Baada ya harusi nilipelekwa Mikumi kukaa na dada Mwajuma na kusoma huko. Niliporudi likizo kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa mwaka uliofuata, bustani haikuwepo. Palikuwa na bamia na mchicha, mistari imenyooka. Nikamuuliza Mama, akasema, "Mambo ya maua nimeachana nayo," akaingia ndani. Nikaamini kwamba mimi ndiye niliyeiua. Na nyumbani kwetu jambo lile likageuka msemo: mtu akitia chumvi kwenye chai, basi kafanya kama Tatu. Hata wajukuu waliozaliwa baadaye sana wanausema, wala hawajui ulianzia wapi.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Mikumi hapahapa, malori ya barabara kuu yakinguruma kutwa. Mwaka jana jirani alinipa kiazi kimoja cha dalia nyeupe. Nilikipanda ndani ya ndoo barazani, kikanipa maua meupe safi. Moja nililiacha likauke, nikachuma mbegu zake mwenyewe, nikazisia katika beseni lililotobolewa, nikaliweka dirishani mwa chumba changu asipite mtu wala kuku. Yakachanua mekundu, ya njano, ya waridi. Jeupe lilikuwa moja. Kumbe ndivyo yalivyo: kiazi hurudisha rangi ya mama yake, mbegu hujichagulia. Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa hasira, mtu mzima na akili zangu. Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga, wanasema, lakini hawasemi utachukua muda gani.

Nilipanda basi la Kilosa na beseni langu mapajani. Mama sasa amezeeka, anatembea kwa kushika ukuta. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba, nikaliweka beseni mbele yake, nikamweleza yote. Alisikiliza, akagusa ua jeupe kwa kidole. "Najua," akasema.

"Unajua nini, Mama?"

"Mwaka ule uliofuata nilipanda tena. Mbegu nilichuma mwenyewe, katika zile nyeupe zilizobaki, Zaina sikumgusisha. Zikatoka vilevile. Nikazing'oa zote."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilikuwa Mikumi. Nikamwambia nilikuja likizo, Mama, tena nilikuuliza. "Ulikuwa mtoto," akasema. "Mzazi amwendee mtoto amwambie nini?"

Mkubwa ni jalala, tulifundishwa hivyo, kila taka hutupwa kwake na yeye huvumilia. Mbona mimi nilitupiwa nikiwa mdogo? Mimi leo nikimkosea mwanangu humwambia samahani, na mara ya kwanza Mama aliponisikia aliuliza kama mtoto ndiye anayenilea mimi. Sisemi zamani zote zilikuwa mbaya. Watoto wetu hawajui kuamkia, mbegu wananunua za pakiti, na bustani yenye mistari kama ile ya Mama sijaiona tena popote. Lakini neno moja dogo lile la siku hizi ningelipata nikiwa na miaka kumi na moja, ningekua mtu mwingine kabisa.

Zaina akatoka jikoni na chakula, wanawe nyuma yake na birika la kunawia. Akaliona beseni. "He! Dada Tatu, bado tu unachanganya mbegu?" Watoto wakaangua kicheko. Nikamtazama Mama. Nilingoja, nikivunjavunja jani la dalia vidoleni. Kinywa kilikuwa chake, na ilitosha aseme acheni, hakuchanganya. Mama akajiinua kwa kushika ukuta, akampokonya mtoto birika. "Lete," akasema, akaninawisha mwenyewe. Katika nyumba ile mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa, sijawahi kuona kinyume chake. Alimimina taratibu, viganja, vifundo vya mikono, katikati ya vidole, mpaka Zaina akaacha kucheka akabaki ametutazama.

Nilielewa, mimi si mjinga. Lakini nilikuwa nimetoka Mikumi kufuata neno, na neno halikuja. "Kula, ugali unapoa," Mama akasema. Nikamega tonge, na nilipolipeleka mdomoni vidole vilikuwa bado vinanuka dalia.