Sarafu ya Mraba

Watu wakisikia kwamba niliwahi kukusanya sarafu za maumbo ya ajabu, huniuliza kama bado ninazo. Ninazo, kumi na mbili, kwenye mkebe wa kakao. Sizionyeshi. Anayetaka kuziona namwambia mkebe umepata kutu na kifuniko hakifunguki, na huo ni uongo.

Baba alikuwa kuli bandarini Mombasa. Nyumbani Kasikeu tulimwona Krismasi, na si kila Krismasi. Mama alikufa nikiwa mdogo, nikalelewa na mama yake baba. Kwetu Ukambani nyanya tunamwita susu. Baba hakuwa mtu wa barua. Kila mwisho wa mwezi alituma bahasha kwa mkono wa mtu, ndani noti za susu, na mara moja moja, pamoja na noti, sarafu moja yangu, aliyoipata kwa mabaharia. Ya kwanza ilitoka India, ya mraba, nyepesi kama kifuniko cha soda. Baadaye ikaja ya Uingereza yenye pembe saba, nyingine yenye tundu katikati, nyingine yenye ukingo wa mawimbi. Hakuandika neno hata moja. Nilizipanga mkekani Jumapili baada ya kanisa na nikaona nina baba. Ile ya mraba nililala nayo. Susu alinitania kwamba mimi ndiye tajiri pekee Kasikeu asiyeweza kununua kiberiti.

Mwaka wa themanini na nne mvua ikakosa. Njaa ile Wakamba waliipa jina, Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na chakula cha kununua hakikuwepo. Kwetu ilikuwa hivyo hasa. Bahasha ya baba ilifika kama kawaida. Susu akafunga noti kwenye pindo la leso, akaenda sokoni, akarudi nazo. Wiki iliyofuata akaenda, akarudi nazo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikumbuki kuogopa. Nakumbuka ulimi mkavu, na kusinzia mchana kutwa.

Siku moja alikaa mlangoni muda mrefu, kisha akaniambia, "Pesa hii ya baba yako imekataa. Nipe ile ingine."

"Ile hainunui, susu."

"Na hii inanunua?"

Nilimpa ile ya pembe saba kwa hasira, nikijua atarudi mikono mitupu aache kunisumbua. Alirudi na mkebe mmoja wa unga wa mahindi ya manjano. Alisema ameupata kwa mwenye duka aliye karibu na posho mili, kinu cha kusagia mahindi, Mwislamu ambaye jamaa zake walitoka upande wa Garissa. Mtu huyo aliigeuza sarafu mara mbili, akasema hii sasa ndiyo inayotakiwa. Susu aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemficha jambo miaka yote.

Basi kila siku ya soko alikwenda na sarafu moja na kurudi na mkebe mmoja. Tulikoroga uji mwepesi, tukanywa mara moja kwa siku. Nami, badala ya kushukuru, nilimchukia yule mtu. Nilidhani naye anakusanya. Nilimwona akizipanga zangu mkekani kwake, akingoja ile nzuri kuliko zote, na niliapa ile hataipata.

Zilipokwisha kumi na moja, susu alinyoosha mkono.

"Zimeisha," nikamwambia.

"Zote?"

"Zote."

Ile ya mraba ilikuwa kwenye pindo la gauni langu, nimeishonea humo. Susu alisema basi, na hakwenda tena sokoni. Unga uliobaki alinipikia mimi. Alisema ameonja alipokuwa akikoroga. Nilijua hajaonja. Nilikunywa wote na kulamba kata.

Alikufa asubuhi, kabla ya mvua, nami nikiwa nje natafuta kuni. Baba alikuja, akakaa siku tatu, akarudi kazini. Sikulia. Wanawake waliokuja kuomboleza walisema mtoto huyu ana moyo mkavu, na sikuona kosa katika maneno yao. Niliwachotea maji wakanywa.

Mvua iliponyesha na mbaazi zikaanza kuota, shangazi aliyekuja kukaa nami alinituma kiberiti. Kwingine hakikuwepo, ikabidi niende kwa yule yule. Aliponitambua aliinama chini ya kaunta, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani zilikuwa sarafu zangu, kumi na moja.

"Hizi ni zako," akasema. "Nyanya yako iliniambia ni za mtoto. Mbona iliacha kuja?"

"Ziliisha."

Aliniangalia. "Lakini mimi sikuwa nataka hizi. Yeye ndiye alikataa unga ya bure. Nilimpa siku ya kwanza, akarudisha, akasema hajakuja kuomba. Unga ilikuwa ya nyumbani kwangu, si ya kuuza, pesa yake sikutaka; ndio nikamwambia alete kitu, chochote. Mkebe yake nilikuwa naweka hapa kando kila siku ya soko. Nilingoja sana."

Nilikuwa nimevaa gauni lile lile. Kidole changu kilikuwa kwenye pindo, juu ya mshono, na niliweza kuhesabu pembe zote nne kupitia kitambaa. Nilifikiri kumwambia. Ningemwambia nini?

Nikaomba kiberiti. Nikaweka shilingi ya baba kwenye kaunta, akaipokea, akanirudishia chenji.