Miba ya Kadii Kwenye Malka

Kadii Nzai hasamehi, na mimi jirani yake nilimpenda kwa hilo. Mwaka jana dume la ng'ombe la Adano, mfugaji wa Kiorma tunayepakana naye hapa nje ya Garsen, lilimlia mistari miwili ya nyanya. Adano akaja kuomba radhi. Kadii akamjibu, "Radhi haioti, baba," akaingia ndani.

Nyanya zenyewe hazikuwa za dukani. Ni zile ndogo zenye mbavu ambazo mamake alikuja nazo kutoka Kaloleni alipohamia huku, na kila mwaka Kadii alihifadhi mbegu kwenye jivu, ndani ya kibuyu. Baada ya dume lile kulibaki ukufi mmoja tu. Mwaka huu aliupanda wote. Zikifa hizi, mbegu ya mamake imekwisha.

Kiangazi kilipoingia tukamkomesha Adano. Nasema tukamkomesha kwa sababu panga la pili lilikuwa langu. Tulikata miba ya mgunga tukaziba malka, ile njia ya ng'ombe kushukia mtoni, ambayo hata wazee wetu hawakuthubutu kuigusa. Kadii alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo ng'ombe wa Adano walizunguka shamba kwa upande wa upepo, wakitimua vumbi asubuhi na jioni. Tuliwatazama wakihangaika tukaona raha.

Wiki ya tatu majani ya nyanya yakaingia vidoa vya manjano, kisha utando mwembamba upande wa chini. "Ameniroga yule!" Kadii akasema. Hata hivyo hakwenda kwa mganga, alikwenda kwa muuza dawa za kilimo. Akanyunyiza dawa kali ya viwavi, akarudia, akaongeza kipimo, huku akiwatukana wadudu kwa majina ya wifi zake. Buibui wakafa, na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, wanaokula wadudu wenzao, wakafa pia. Utando ukazidi.

Ni Adano aliyesimama ukingoni mwa shamba siku moja akageuza jani, akamwambia Kadii, "Mama Kitsao, hii si viwavi. Hii ni kama kupe, lakini ndogo kabisa. Inapenda vumbi." Akaelekeza fimbo kwenye miba. "Na ng'ombe yangu inatoa vumbi hapa, kwa sababu ile malka wewe umefunga."

Mimi nilitazama miguu yangu. Kadii alitazama lile jani: utitiri mwekundu ulikuwa unatembea.

Hasira hasara, lakini nani angethubutu kumwambia? Alikwenda kuivuta ile miba kwa mikono mitupu mpaka akatoka damu, mimi nyuma yake. Kisha akang'oa mashina yote yaliyoharibika, akayachoma pamoja na miba yenyewe. "Kufeni! Kufeni na vizazi vyenu!" Machache yaliyobaki tuliyaosha kila asubuhi kwa maji ya mto, jani kwa jani, naye akiwasaga wadudu kwa kidole gumba. Sijapata kumwona mtu akiosha majani kwa chuki namna ile.

Mashina manne yalizaa. Mbegu za nyanya hizo Kadii alizichanganya na jivu la ile miba, akazitia kibuyuni.

Adano alipopita malka na mifugo yake akasalimu, Kadii hakuitikia. Alichuma nyanya moja, akaila yote mbele yake, polepole, akitema mbegu kiganjani.

"Njia nimekupa," akamwambia. "Nyanya sikupi."