Dada Yangu Alipopima Njia za Shule

Sisi tuliolelewa Elburgon wakati ule, baridi tuliijua kabla ya kujua kusoma. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msitu wa Mau ukaketi juu ya mabati, na ukitoka nje kunawa uso, pua ilikufa ganzi kabla maji hayajaifikia. Tulikunywa chai kwenye vikombe vya bati vilivyochoma midomo, tukatia waru, kiazi cha kuchemsha, mfukoni, tukaondoka. Ile waru ilikupasha mkono joto njiani, na mapumziko yakifika ukaila. Wanangu nikiwaambia kwamba chakula chetu kilikuwa pia glavu, wananiuliza kwa huruma kama tulikuwa maskini. Hatukuwa maskini. Tulikuwa na matope tu.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, dada yetu mkubwa, Ciru, alikuwa anamaliza chuo kikuu. Alisoma hesabu. Baba, aliyeendesha lori la mbao, alikuwa ameshachagua kondoo wa kuchinja siku ya mahafali. Mama alikuwa ameshatangaza kanisani, na hilo lilikuwa zito kuliko kondoo. Kondoo anaweza kurudishwa malishoni. Tangazo la kanisani halirudi.

Basi Ciru akaja likizo na uso wa msiba. Mwalimu wake wa chuo, Daktari Makokha, daktari wa hesabu si wa sindano, alikuwa ameurudisha utafiti wake. Alimwambia ameandika vizuri lakini yote yametoka kichwani. Bila watu wa kweli na mambo ya kweli, atarudia mwaka.

Somo lenyewe alitueleza jikoni, mimi na mdogo wangu Mbugua na Chebet, binti wa jirani, ambaye alikula kwetu mara nyingi kuliko kwao. Lilihusu mtu anayetaka mambo mengi kwa pamoja, na mambo hayo yanapigana. "Hakuna jibu moja bora," Ciru alisema. "Kuna majibu kadhaa mazuri, na kila moja lina uchungu wake. Ukitaka kuboresha hapa, unaharibu pale. Halafu kuna majibu mabaya kabisa, yameshindwa kila upande. Hayo unayatupa."

Mama aliinua macho kutoka kwa sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe. "Na hiyo hesabu inaisha lini, tuchinje?"

Ciru alikuwa anatutazama miguu. Viatu vyetu vya mpira vilikuwa vimevaa viatu vingine vya tope juu yake. Nadhani ndipo alipopata wazo.

Kutoka kwetu hadi shuleni kulikuwa na njia kadhaa. Ya kando ya reli ilikuwa fupi na kavu, lakini ilipita kwa Mzee Rotich, na Mzee Rotich alifuga mabata bukini, ndege wenye shingo ndefu na chuki isiyo na sababu. Ya barabara ya lami ilikuwa safi na salama, ila ilizunguka mno, ukafika watu wameshaimba wimbo wa taifa. Ya katikati ya mashamba ya waru ilikuwa fupi na haina bata, lakini ungefika shuleni ukiwa nusu mtoto, nusu shamba. Na kulikuwa na njia ya kiwanda cha kupasua mbao. Hiyo ilikuwa ndefu, ina matope, na ina mbwa wa mlinzi. Ciru aliitazama mara moja akasema, "Hii imeshindwa kila upande," akaiacha.

Tukawa utafiti. Kila asubuhi alitugawia njia, na tukifika alitupima. Kuchelewa alikupima kwa saa ya Baba. Hofu aliipima kwa kutuwahi kwenye geti la shule kwa baiskeli, akatushika kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo. Mbugua, akitoka kwa mabata, alikuwa na moyo unaogonga hadi kwenye masikio. Tope ndilo lililomsumbua. Alilikwangua kwenye viatu vyetu kwa kisu, lakini mzani wa kupimia magunia ya waru haukulisikia hata kidogo. Akalipeleka kwa mwenye duka la dawa, mtu mtaratibu sana. Huyo alivaa miwani, akaliweka tope la Mbugua kwenye mzani wake mdogo, akalitia kwenye bahasha ya dawa na kuandika juu yake: Mbugua, asubuhi. Aliishia hapo, kalamu ikiwa hewani. Mazoea yalimtaka aongeze: baada ya chakula.

Shuleni mambo yalikuwa magumu. Mwalimu mkuu alitukuta langoni tumechelewa.

"Tuko kwa utafiti, mwalimu," Chebet akamwambia.

"Utafiti wa nini?"

"Wa kuchelewa."

Tulipiga magoti kwenye changarawe hadi kengele ya mapumziko. Lakini baada ya siku chache mwalimu huyo huyo aliniita kando, akatazama huku na huku, akaniuliza njia ya reli ikoje siku hizo, kwa kuwa alikuwa amenunua viatu vipya. Nikamwambia kuhusu mabata. Akashukuru, akapita lami, akachelewa.

Likizo ya Ciru ikielekea kuisha, alipanga maharagwe juu ya meza, kila haragwe safari moja ya mtoto mmoja. Njia zake tatu zilikaa vizuri kama alivyotarajia, kila moja na uzuri wake na uchungu wake. Lakini kwenye kona ya mbali, mahali pa kuchelewa sana, kuchafuka sana na kufukuzwa na mbwa, kulikuwa na lundo la maharagwe.

"Hawa ni nani?" aliuliza. "Ni nani aliyepita kiwandani? Si niliwagawia njia?"

"Ni sisi," Chebet alisema. "Huko kuna mlima."

Ulikuwa mlima wa unga wa mbao. Mashine zilipasua magogo mchana kutwa, na unga wake ukamwagwa nyuma ya kiwanda mpaka ukapita mapaa ya nyumba. Ulinuka utomvu na mvua. Ukipanda juu na kujirusha, ulizama hadi kiunoni, na ndani kulikuwa na joto, kama mtu amelala humo kabla yako. Kuna mchezo gani mwingine? Bladaa ya kuruka tulicheza, banoo ya gololi tulicheza, lakini mlima ulikuwa mlima.

Ciru aliweka kichwa mezani katikati ya maharagwe akalia. Utafiti wake ulisema mtoto mwenye akili hawezi kuchagua njia iliyoshindwa kila upande. Watoto wake mwenyewe wa utafiti walikuwa wameichagua wote. Na Daktari Makokha alikuwa amesema atakuja Jumamosi kujionea.

Nyumbani habari hiyo ilieleweka vibaya. Mwanamume msomi, anakuja kwetu, kwa ajili ya Ciru. Mama alichinja kuku. Baba alivaa koti na kuwaita wazee wawili wa ukoo. Daktari alipofika, mtu mwembamba wa suti ya kijivu, alikalishwa kwenye kochi lenye vitambaa vyote vyeupe vya nyumba.

"Karibu sana," Baba alisema. "Wazee wako wako nyuma?"

"Wazee gani?"

"Haya, vijana wa siku hizi. Sema basi kilichokuleta."

"Nimekuja kuona njia."

Wazee walitazamana wakifurahi. "Anaanza kwa mafumbo," mmoja alinong'ona. "Amefunzwa."

"Na umeridhika na huyu msichana wetu?" Baba aliuliza.

"Ana kichwa kizuri," Daktari alisema. "Lakini kuna mapungufu. Nisiporidhika leo, itabidi arudie mwaka mzima."

Mzee mwenye fimbo alisimama. "Arudie nini? Wapi? Kwa nani?"

Ciru aliingia mbio akiwa bado ameshika mwiko, akaeleza. Ilichukua muda. Mama alimtazama kuku wake kwa majuto, lakini alimleta hivyo hivyo, na wazee, kwa kuwa walikuwa wamevaa tayari, waliamua kufuatana nasi.

Daktari alipita reli kwanza. Mabata ya Mzee Rotich yalimwona kutoka mbali yakanyoosha shingo. Alikimbia vizuri kwa mtu wa umri wake. Ciru alimshika kifundo cha mkono. "Hofu nimeikubali," Daktari alisema akihema. "Sasa nionyeshe hiyo iliyoshindwa."

Kiwandani mashine zilikuwa zimelala. Hatukungoja kuambiwa. Tulipanda, tukajirusha, tukapanda tena. Daktari alisimama chini, mikono nyuma, akitutazama.

"Hii umeiweka wapi kwenye hesabu?" aliuliza.

"Sijaiweka, Daktari. Raha haipimiki."

Daktari alivua koti akampa mzee mwenye fimbo. Alipanda akitumia mikono na magoti, akasimama kileleni, tai imegeukia mgongoni, akajirusha. Alipotea. Kisha kichwa kikatokea, masikio yamejaa unga wa njano. Akapanda tena. Aliporudi mara nyingine tena, mzee mwenye fimbo alimwekea mwenzake koti mkononi, akaanza kupanda yeye mwenyewe.

"Inapimika," Daktari alimwambia Ciru akipangusa miwani. "Hesabu mtu anapanda mara ngapi bila kutumwa. Andika upya."

Aliandika upya. Njia ya kiwanda ikaacha kuwa imeshindwa; ikasimama na zile nyingine, na uzuri wake na uchungu wake. Ciru alifaulu, kondoo akaliwa, na kanisani Mama alitangaza mara ya pili kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Siku hizi dada yangu yuko Naivasha. Anayapangia njia malori ya maua ili yafike mapema, maua yasinyauke, na mafuta yasimalizike. Anasema malori hayabishani kama sisi.

Mimi niko Nakuru mjini. Wanangu wanachukuliwa mlangoni na basi la shule. Hawachelewi, hawachafuki, na hakuna ndege aliyewahi kuwachukia. Majuzi nilimuuliza kijana wangu anipe habari ya njia yake ya kwenda shule, tangu nyumbani hadi darasani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego.

"Unaingia kwa basi," alisema, "halafu unatoka."

Nilicheka, nikampigia Ciru nimsimulie, nikitaraji tuwacheke pamoja watoto hawa wa siku hizi. Alicheka kidogo, kisha akaniuliza, "Na wewe? Njia yako ya kazini ikoje?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Miaka yote hii ninaipita asubuhi na jioni, na sikuwa na cha kumwambia.